Aambiwe Kabla ya Kukiri

Hakuna kesi inayokwisha haraka kama ya mtu aliyekiri. Asubuhi anashushwa kwenye karandinga, saa nne anasomewa mashtaka, anajibu "ni kweli". Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka. Anaulizwa kama maelezo ni sahihi, anasema sahihi, na kabla ya adhana ya adhuhuri ameshajua atakaa jela miaka mingapi. Iwe Muheza, Pangani, Mkinga au Korogwe, hapa mkoani Tanga, utaratibu ni huo huo. Hakuna shahidi aliyeitwa wala kielelezo kilichobishaniwa. Karani anafunga jalada la kurasa chache, na mtu anapanda gari kwenda gereza la Maweni.

Huko Maweni, mara nyingi kwa mdomo wa mfungwa mwenzake aliyeshazoea mambo ya rufaa, ndiko anakosikia kwa mara ya kwanza kuhusu kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. (Natumia namba za toleo la 2022, ambazo mawakili na wafungwa wamezikariri.) Kifungu hicho kinasema kwamba aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya chini, akatiwa hatiani kwa kukiri huko, hana rufaa isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Anaruhusiwa kulalamika kwamba miaka ni mingi, au kwamba adhabu aliyopewa haimo katika sheria. Kusema "sikutenda" haruhusiwi tena.

Kifungu hiki hakikuzaliwa Dodoma wala Dar es Salaam. Maneno yake yanafanana mno na kifungu cha 412 cha kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai ya India ya mwaka 1898, na ukivuka mpaka wa Horohoro utayakuta katika kifungu cha 348 cha kanuni ya Kenya. Waingereza walipenda sheria inayosafiri bila kubadilishwa nguo. Kwa upande wangu sina ugomvi nacho. Mtu mzima mwenye akili timamu akisimama mbele ya hakimu na kusema nimefanya, si haki kumruhusu arudi mwaka unaofuata, mashahidi wameshatawanyika na vielelezo vimeshaharibiwa, aseme nilikuwa natania. Ugomvi wangu ni kwamba haambiwi. Hakuna kifungu kinachomlazimisha hakimu, kabla ya kupokea jibu la mshtakiwa asiye na wakili, kumwambia: ukikiri, hutaweza kukata rufaa dhidi ya hatia hii.

Na tunajua jambo hilo linawezekana, kwa sababu sheria hiyo hiyo imeshaliweka, ila kwa watu wengine.

Mwaka 2019 Bunge liliingiza katika Sura ya 20 vifungu vya 194A hadi 194H, vinavyoruhusu upande wa mashtaka na mshtakiwa kujadiliana na kufikia makubaliano ya kukiri kosa. Ndio mwaka ambao Rais John Magufuli, mwezi Septemba, aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kutubu na kurudisha fedha. Kwa mlango wa kukiri na kulipa alitoka, Februari 2020, mwandishi wa habari Erick Kabendera, baada ya miezi kama saba ya mahabusu. Utaratibu huo ulilalamikiwa sana, na sababu zilikuwepo: mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana ana haraka ya kukubali chochote. Malalamiko hayo yakiwa bado hewani, Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutazama taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Lakini tazama jinsi vifungu hivyo vinavyomtendea aliyejadiliana. Kabla mahakama haijasajili makubaliano, mshtakiwa anaapishwa. Anaelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba anaacha haki ya kesi yake kusikilizwa hadi mwisho. Anaelezwa kwamba anaacha haki ya rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Anaelezwa kwamba maneno yake yanaweza kumgeukia akija kushtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Na baadaye, akiweza kuonyesha kwamba hakukiri kwa hiari au alidanganywa, sheria imemwachia njia ya kuomba makubaliano yafutwe. Yote hayo kwa mtu ambaye kwa kawaida amekuja na wakili, tena wakili aliyekaa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kupanga kila sentensi.

Aliyekamatwa na mkaa Kilindi, au na furushi la mirungi kwenye bodaboda akitokea mpakani, hapati hata moja katika hayo. Mwenye mirungi huenda hajui hata kwamba majani yale, ambayo kilomita chache kaskazini ni zao halali la biashara, upande huu wa mpaka yanaweza kumfunga miaka 30. Anakiri akidhani atalipa faini, kama jirani yake aliyekamatwa na gongo. Mwenye wakili anaapishwa na kuonywa mara tatu. Asiye na wakili anaulizwa swali moja.

Mahakama zenyewe zimeliona tatizo hili zamani, na majaji wamefanya kazi ambayo Bunge halikuifanya. Mwaka 1942, katika rufaa iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema kwamba kila kiini cha kosa kielezwe, mshtakiwa akikubali au akikatae kimoja kimoja, na majibu yake yaandikwe kwa namna ambayo mahakama ya juu ikisoma itaridhika kwamba alielewa. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, mahakama hiyo hiyo ikaweka hatua ambazo hakimu yeyote wa Kenya, Uganda na Tanzania anatakiwa kuzijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake: soma shtaka katika lugha anayoielewa, andika maneno yake mwenyewe, mpe mwendesha mashtaka nafasi ya kueleza tukio, mpe mshtakiwa nafasi ya kukubali, kukataa au kuongeza, na akikataa jambo lolote la msingi, futa kukiri kwake na uandike kwamba amekana.

Kisha mwaka 1983 Mahakama Kuu, katika shauri la Mpinga, ikatoboa matundu manne katika ukuta wa kifungu cha 360. Rufaa dhidi ya hatia itasikilizwa kama kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika. Kama mtu alikiri kwa kukosea au kutoelewa. Kama shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalotambuliwa na sheria. Au kama hata kwa maelezo yale aliyoyakubali, sheria isingemtia hatiani. Hadi leo, rufaa ya mtu aliyekiri, iwe imesikilizwa na Mahakama Kuu Kanda ya Tanga au na majopo ya Mahakama ya Rufani yanapokuja kufanya vikao hapa, inapita katika moja ya matundu hayo au haipiti kabisa.

Hapo ndipo jalada la kurasa chache linapokuwa kila kitu. Mfungwa hawezi kuleta shahidi mbele ya jaji aeleze alivyochanganyikiwa siku ile. Jaji anasoma kilichoandikwa. Katika rufaa ya jinai namba 269 ya mwaka 2011, iliyosikilizwa Arusha, Mahakama ya Rufani ilikutana na mtu aliyekuwa na kifungo cha maisha mgongoni, na kukiri kwake kukiwa ni "ni kweli". Majaji walisema katika makosa mazito namna ile ingefaa mshtakiwa aseme zaidi ya maneno hayo mawili. Hakimu amtake aeleze, kwa maneno yake, hicho anachosema ni kweli ni kipi. Na mahakama ilishaonya kabla ya hapo kwamba "ni kweli" ya mtu aliyejihami, au aliyechokozwa hadi akapandwa na hasira, si lazima iwe kukiri kosa.

Nitoe mfano wa kubuni, lakini kila aliyekaa dikoni Deep Sea, hapa Tanga mjini, atautambua. Baharia amevua dagaa giza mbili za mwezi mfululizo na tajiri wa boti hajatoa mgao. Kila akidai anaambiwa subiri, mafuta yamepanda, nyavu zimechanika. Usiku mmoja anafungua mashine ya boti, anaibeba hadi nyumbani kwake, na kumtumia tajiri salamu kwamba akilipwa ataileta. Asubuhi tajiri yuko polisi. Shtaka ni wizi. Anasomewa kwamba tarehe fulani, eneo fulani, aliiba mashine ya boti yenye thamani kadhaa, mali ya fulani. Baharia hajawahi kusimama kizimbani maishani mwake. Anajibu: "Ni kweli nilichukua mashine." Maelezo yanasomwa: alionekana usiku, mashine ilikutwa chumbani kwake, alipohojiwa hakubisha. Je, ni sahihi? Sahihi kabisa, hakuna neno moja la uongo hapo.

Wizi, kwa kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, ni kuchukua kwa nia ovu na bila kudai haki juu ya kitu hicho. Na kifungu cha 9 kinasema anayetenda juu ya mali kwa kuamini kweli kwamba ana haki, bila nia ya kudhulumu, hana jinai. Sisemi baharia angeshinda. Huenda hakimu angeona kudai mgao hakumpi haki juu ya mashine nzima. Ninachosema ni kwamba alikuwa na utetezi wa kusikilizwa, na swali la kuufukua lilikuwa moja tu: kwa nini uliichukua? Kama lingeulizwa, angeanza, "Ananidai... hapana, namdai mgao wa giza mbili," na hapo hakimu angejua kwamba hana kukiri mkononi, ana mtu anayekana kosa bila kujua kwamba anakana. Lisipoulizwa, jalada litasomeka safi, na hata jaji mwenye huruma Tanga hatakuwa na pa kushika. Mdomo huponza kichwa, lakini hapa ulioponza ni mdomo uliosema kweli.

Kifungu cha 228 kinamtaka hakimu aandike jibu la mshtakiwa kwa karibu iwezekanavyo na maneno aliyoyatumia. Kwa miaka mingi sharti hilo lilivunjwa kila siku bila mtu kuonekana mkosefu, kwa sababu baharia alijibu kwa Kiswahili na hakimu aliandika kwa Kiingereza. Maneno yake mwenyewe hayakuwahi kuingia katika jalada. Iliingia tafsiri yake, iliyofanywa papo hapo na mtu mwenye mashauri mengine ishirini mezani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, miezi michache tu baada ya Jaji Zephrine Galeba kuandika hukumu kwa Kiswahili huko Musoma na Rais Magufuli kumpandisha hadi Mahakama ya Rufani, Siku ya Sheria Dodoma. Watu walishangilia kwa sababu ya hukumu. Mimi naona faida kubwa zaidi iko katika ule mstari mmoja wa jibu la mshtakiwa. Sasa hakimu wa Pangani hana kisingizio: aandike alichosikia, pamoja na kigugumizi chake na "lakini" zake. Hasa "lakini" zake.

Kuna wengine, hata hivyo, ambao Kiswahili hakiwasaidii zaidi ya Kiingereza. Barabara ya kutoka Horohoro na njia za panya zinazozunguka Mkinga zimekuwa kwa miaka mingi sehemu ya safari ya vijana wa Ethiopia kwenda Afrika Kusini. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilichapisha uchunguzi wake juu ya njia hiyo mwaka 2009, na sehemu kubwa ya wasafiri walitoka kusini mwa nchi yao, Hadiya na Kembata. Nchi nzima ilishtuka Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walipokutwa wamekufa mkoani Dodoma, wakiwa wamesafirishwa ndani ya lori kama shehena. Wanaokamatwa wakiwa hai kandokando ya bahari hufikishwa mahakamani kwa kuwepo nchini bila kibali, na kesi zao ni mfano kamili wa kesi ya kukiri: wengi, siku moja, jibu moja.

Fikiria neno linavyosafiri. Shtaka liko kwa Kiswahili. Mkalimani, akipatikana, anakijua Kiamhari. Kijana wa Hadiya alizaliwa katika Kihadiya, na Kiamhari alikipata shuleni kama alisoma. Anaulizwa: uliingia bila kibali? Kwa kweli hana kibali, na anasema hana. Hakuna aliyemuuliza alikimbia nini. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza katika ibara ya 31 kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya kuingia kinyume cha sheria, alimradi amejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu ya maana. Wengi wa vijana hawa si wakimbizi, wanatafuta kazi; nakubali. Lakini yule mmoja aliye mkimbizi hataonekana kamwe katika jalada linaloandika "washtakiwa wote: ni kweli". Kila mshtakiwa ana haki ya jibu lake. Na mkalimani anapaswa kuapishwa na jina lake na lugha yake viandikwe, maana miezi baadaye jaji atataka kujua nani aliyetafsiri, kutoka lugha gani kwenda lugha gani.

Rufaa ya kijana huyo? Sheria inampa siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha sababu, kupitia kwa mkuu wa gereza. Anaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi. Lakini aiandike kwa lugha gani, na amweleze nani?

Najua wanachosema waendesha mashtaka, na si upuuzi. Magereza yamejaa, mahakama zimelemewa, mashahidi wanasafiri kwa nauli zao kutoka Handeni na kurudi bila kusikilizwa. Anayekiri mapema anaokoa muda wa wote na anastahili kupunguziwa adhabu. Tukianza kumtisha kila mshtakiwa kwa habari za rufaa, wanasema, nani atakiri? Tena wapo wanaokiri kwa dhati, wakafika gerezani wakafundishwa na wakongwe jinsi ya kuandika sababu za rufaa, na ghafla wote "hawakuelewa lugha ya mahakama", hata mzaliwa wa Ngamiani hapa mjini asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili. Nimewahi kucheka nikisoma sababu za namna hiyo.

Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama hakimu ameandika swali lake la kuonya na jibu la mshtakiwa, huyo mzaliwa wa Ngamiani hatakuwa na la kusema, na jaji atamaliza rufaa yake kwa dakika chache. Linaloibebesha Mahakama ya Rufani rufaa za watu waliokiri ni majalada mabovu kuliko ujanja wa wafungwa. Katika rufaa namba 399 ya mwaka 2019 majaji walilazimika kuorodhesha upya masharti ya kukiri kunakokubalika, karibu nusu karne baada ya Adan. Na mwenendo unapobatilishwa, hupati muda uliookolewa. Kesi inarudi kuanza upya, kama mashahidi bado wapo, au mtu anaachiwa akiwa ameshakula miaka yake jela.

Anayedhani kwamba mtu asiye na hatia hawezi kukiri, atazame Uingereza. Wasimamizi wa vituo vya posta walishtakiwa kwa mamia kwa upotevu wa fedha uliosababishwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Wengi walikiri. Jo Hamilton alikiri kughushi hesabu ili shtaka la wizi liondolewe na aepuke jela. Hakuwa ameiba senti. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ya huko ilifuta hatia 39 kwa siku moja, yake ikiwemo, na mwaka 2024 Bunge lao likatunga sheria ya kuzifuta zilizobaki kwa mkupuo. Wale walikuwa watu wenye elimu na barua za mawakili. Baharia wa Deep Sea hana hata nakala ya shtaka lake mfukoni.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na mahakama inaweza kuelekeza mshtakiwa apewe msaada. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha hapo hapo kwetu, iliihukumu Tanzania Novemba 2015 kwa kumwacha mtu wa Rombo ajitetee mwenyewe katika kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha yenye kifungo cha miaka 30. Siku moja kila wilaya ya mkoa huu itakuwa na mawakili wa kutosha. Kwa sasa wengi wako mjini, na mtuhumiwa wa Mkinga anakiri peke yake.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Onyo la makubaliano ya kukiri, lile la vifungu vya 194, lihamishiwe katika kifungu cha 228, kwa kila kosa linaloweza kumpeleka mtu jela. Kusubiri Bunge si lazima. Jaji Mkuu anaweza kulitolea mwongozo, na hakimu mfawidhi wa wilaya anaweza kulianza Jumatatu. Maswali ni matatu na yanaingia katika robo ukurasa: unaelewa kwamba ukikiri hakutakuwa na mashahidi, unaelewa kwamba hutaweza kukata rufaa isipokuwa juu ya adhabu, eleza kwa maneno yako ulifanya nini, na kwa nini. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa.

Kwa wale walioshafungwa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya marejeo. Inaweza kuita jalada lolote la mahakama ya chini na kulikagua bila kusubiri mfungwa aandike chochote. Majaji hutembelea magereza. Katika ziara inayofuata Maweni, mkuu wa gereza aombwe orodha moja: wafungwa wote wenye vifungo vya zaidi ya miaka mitano waliotiwa hatiani kwa kukiri wenyewe, bila wakili, pamoja na raia wa kigeni wote waliokiri kupitia mkalimani. Majalada yao yaitwe Tanga. Ni ya kurasa chache, yatasomwa upesi.